Umbali, Masafa na Mwendo: Historia Fupi ya Kipimo, Kuanzia Euclid hadi Nakivale

Utangulizi

Mara ya mwisho tulipowapeleka wanafunzi wetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kazi yao ilikuwa kufanya mahojiano kwa Kiswahili na kuandika ripoti. Hojaji tuliitayarisha sisi wenyewe hapa Mbarara. Swali la saba liliuliza hivi: "Je, kuna umbali gani kutoka nyumbani kwako hadi bomba la maji lililo karibu zaidi?" Majibu ya kuchagua yalikuwa mawili: mita 500 au pungufu, zaidi ya mita 500. Kwa kuwa ni watu wachache wanaopima njia zao kwa mita, tuliwapa wanafunzi nakala ya ramani ambayo juu yake tulikuwa tumechora kwa bikari duara la nusu kilomita kuzunguka kila bomba. Mwanafunzi alitakiwa kutazama tu kama nyumba imo ndani ya duara au imo nje.

Mama mmoja wa makamo, Mkongo, alimwona mwanafunzi wetu akitia alama kwenye jibu la kwanza, akauliza ameandika nini. Aliposomewa alitugeukia, akasema: "Mwalimu, kwa macho ni karibu. Kwa miguu si karibu." Akatuonyesha. Bomba lilionekana wazi ng'ambo ya bonde la matope, lakini njia ilishuka mbali hadi penye kivuko, ikapita kando ya mashamba ya watu, ndipo ikapanda. Tulirudi Mbarara na hojaji zilizojazwa vizuri, na katika kila moja swali la saba lilikuwa limekosewa. Kosa halikuwa la wanafunzi. Tulikuwa tumechagua neno moja na kuliachia lifanye kazi ya maneno mawili.

Katika makala haya tunadhamiria kueleza historia ya kosa hilo, maana wenye kulitenda kabla yetu ni wengi. Tutaonyesha kwamba wanahisabati walihitaji karne nyingi kukubali kuwa umbali unaweza kufasiliwa kwa njia zaidi ya moja, na kwamba kila fasili huzaa maumbo yake. Aidha, tutaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutofautisha fasili hizo, ila sisi walimu tumezoea kuyafundisha kama visawe.

Maneno matatu

Tuanze na lugha. Neno umbali linatokana na mbali, ambalo limepewa kiambishi u- cha nomino dhahania, kama refu lilivyozaa urefu. Umbali basi ni hali ya kuwa mbali: vitu viwili vimeachana, na hakuna anayetembea kati yao. Masafa limetoka katika Kiarabu, nasi tunalitumia zaidi kwa kipimo kinachotambulika, kama katika mbio za masafa marefu. Mwendo ni neno la Kibantu lenye mzizi wa kitenzi enda. Ndani yake yumo mwendaji. Tunasema "mwendo wa siku tatu" au "mwendo wa dakika kumi", na kila anayesikia anaelewa kwamba kuna miguu, kuna njia, na kuna uchovu.

Vipimo vya wazee wetu navyo vilitokana na mwili wa mtu: shibiri, mkono au dhiraa, wari ambayo ni mikono miwili, na pima ambayo ni mikono minne. Hivi vilitosha kwa nguo, kamba na kina cha maji. Kwa safari havikutumika. Hakuna aliyepima njia ya Tabora kwa pima. Kwa safari watu walihesabu siku na vituo. Kwa maneno mengine, palikuwa na kipimo cha vitu na kipimo cha njia, na cha pili hakikuwa wingi wa cha kwanza.

Duara la Euclid na istilahi zetu

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliandika kwa Kigiriki kitabu kilichokuja kuwa msingi wa jiometri inayofundishwa shuleni hadi leo. Alifasili duara kuwa umbo lililozungukwa na mstari mmoja, ambalo ndani yake kuna nukta moja ambayo mistari yote iliyonyooka kutoka hapo hadi ukingoni ni sawa. Mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar, na wengine wakafuata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya istilahi zetu za jiometri ni za asili ya Kiarabu: duara, mraba, mstatili, nukta. Nyingine tumezitoa kwetu: pembe ni ile ile ya mnyama, kipenyo kinatokana na kupenya, na kitovu cha duara ni kitovu cha tumbo.

Tukiitazama vizuri fasili ya Euclid, tunaona kwamba haisemi duara ni kitu cha mviringo. Inasema kuna kitovu, na kila nukta ya ukingoni iko umbali sawa kutoka hapo. Mviringo ni matokeo. Unatokea kwa sababu umbali umepimwa kwa mstari ulionyooka usiozuiwa na kitu chochote. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili hapakuwa na haja ya kuuliza: je, tukiupima umbali kwa namna nyingine, duara litakuwaje?

Ramani ya mwaka 1856

Kabla ya wanahisabati kuuliza swali hilo, lilijitokeza katika bara letu kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1850 wamisionari wawili wa Kijerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikusanya habari za bara kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Erhardt alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo alipokuwa akiishi Tanga. Wafanyabiashara waliwaeleza njia za misafara kama walivyozijua: siku kadhaa hadi kituo hiki, siku kadhaa hadi kile, na mwishoni maji makubwa. Njia zilikuwa mbalimbali, na kila moja iliishia kwenye maji. Wamisionari wakazipanga siku zile juu ya karatasi, na maji yote wakayaunganisha kuwa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono aliyetoka kwenye koa lake. Ramani hiyo ilichapishwa London mwaka 1856, ikazua mjadala, na ikawa miongoni mwa sababu zilizowaleta Richard Burton na John Speke.

Wasafiri hao walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwishoni mwa mwaka 1857, walimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyezijua njia za bara hadi Karagwe na Buganda. Walipomfunulia ramani ile, aliwaeleza kwamba maziwa matatu yamefanywa moja. Alikuwa sahihi: tunayaita leo Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Karagwe, tuwakumbushe wanafunzi wetu, iko upande wa kusini wa mto Kagera. Upande wa kaskazini ndiko Isingiro, na ndani ya Isingiro ndimo ilimo Nakivale.

Wafanyabiashara wa pwani hawakuwa wamesema uongo. Walitoa mwendo, wakafasiriwa kana kwamba wametoa umbali. Mwendo wa siku huonyesha urefu wa njia, lakini hauonyeshi njia imepinda wapi wala imeelekea upande gani. Tofauti na sisi ni kwamba wamisionari walichukua mwendo wakauchora kama umbali, nasi Nakivale tulichora umbali tukaudhania kuwa mwendo.

Kutoka Göttingen hadi Chicago

Mwanahisabati aliyefungua mlango alikuwa Hermann Minkowski (1864–1909), mzaliwa wa Lithuania ya leo, aliyefundisha Zürich, ambako Albert Einstein alikuwa mmoja wa wanafunzi wake, na baadaye Göttingen. Katika kazi yake kuhusu jiometri ya namba, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1896, Minkowski alionyesha kwamba umbali unaweza kupimwa kwa namna nyingi, na kila namna ikawa na "duara" lake lisilolazimika kuwa la mviringo.

Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Fréchet, katika tasnifu yake ya udaktari, aliuliza swali ambalo sisi wa isimu tungeliita swali la fasili: kitu lazima kiwe na sifa gani ndipo kistahili kuitwa umbali? Masharti yaliyotokana na kazi hiyo tunaweza kuyasema kwa Kiswahili chepesi. Kwanza, kutoka mahali hadi hapo hapo ni sifuri, na mahali pawili tofauti daima pana zaidi ya sifuri. Pili, kwenda ni sawa na kurudi. Tatu, ukipitia mahali pa tatu, safari haiwezi kuwa fupi kuliko ile ya moja kwa moja. Kitu chochote kinachotimiza masharti haya ni umbali, hata kama hakifanani na rula.

Jina la kupendeza lilikuja baadaye. Karl Menger, mwanahisabati wa Austria aliyehamia Marekani, alitayarisha mwaka 1952 kijitabu cha maonyesho ya jiometri katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Humo alizungumzia jiometri ya teksi, yaani jiometri ya mji ambao barabara zake zinakatana kwa pembe mraba na dereva hawezi kupenya katikati ya majengo. Mwaka 1975 Eugene Krause alitoa kitabu kizima kuhusu jiometri hiyo kwa ajili ya wanafunzi.

Jiometri ya bodaboda

Hapa Uganda teksi ni gari la abiria wengi lenye njia yake maalumu, hivyo darasani tuliona ni afadhali kusema jiometri ya bodaboda. Jina lenyewe lina historia nzuri: ni neno la Kiingereza la mpaka, likirudiwa mara mbili kama ilivyo desturi ya lugha zetu, na lilianza kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo mpakani Busia katika miaka ya 1960.

Tulifanya zoezi lifuatalo, nalo linamfaa mwalimu yeyote mwenye karatasi ya miraba. Mistari ya karatasi ni barabara. Bodaboda hupita juu ya mistari tu. Hatua moja ni upande wa mraba mmoja.

Kwanza, wanafunzi waende kutoka kona moja hadi nyingine iliyo hatua tatu mashariki na mbili kaskazini. Kwa rula, umbali ni kama hatua 3.6, na njia fupi ni moja tu. Kwa bodaboda, mwendo ni hatua 5, na njia fupi ziko kumi, zote sawa. Abiria mbishi anayedai njia yake ndiyo fupi kuliko ya dereva huenda wote wawili wako sahihi.

Pili, wachague kona moja iwe kitovu, kisha watie nukta kwenye kila kona iliyo mwendo wa hatua 4 kutoka hapo. Watapata nukta 16. Wakiziunganisha wataona mraba uliosimama kwa pembe yake, kama kishada. Darasani kwetu mwanafunzi mmoja alikataa katakata: duara haliwezi kuwa na pembe. Tulimwomba asome tena fasili. Kuna kitovu? Kipo. Kila nukta iko mwendo sawa kutoka kitovuni? Ndiyo. Basi kwa fasili ni duara, ingawa kwa macho ni mraba. Ukiuzunguka mzingo wake kwa bodaboda utahesabu hatua 32, na kipenyo ni hatua 8. Gawanya, upate 4. Katika jiometri hii pai ni 4 kamili.

Tatu, waweke shule mbili na watafute mpaka, yaani nukta zote zilizo sawa kutoka shule zote mbili. Kwa Euclid mpaka huo ni mstari mmoja ulionyooka. Kwa bodaboda, shule ya pili ikiwa hatua 4 mashariki na 2 kaskazini mwa ya kwanza, mpaka unakuja wima, unakatisha kimshazari katikati ya shule hizo, kisha unaendelea wima tena. Na shule ya pili ikiwa hatua 3 mashariki na 3 kaskazini, jambo la ajabu hutokea: kuna maeneo mawili mazima, moja upande wa kusini-mashariki na jingine kaskazini-magharibi, ambako kila nyumba iko sawa kutoka shule zote mbili. Mpaka umekuwa nchi. Mzazi anayeishi huko hawezi kuambiwa shule fulani ndiyo yake kwa sababu iko karibu zaidi.

Kurudi Nakivale

Sasa tulirudishe zoezi hili kwenye bomba la maji. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na tangu hapo imepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 185, lenye ziwa, mabonde na vilima, na watu wake ni zaidi ya laki moja. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowawezesha kuelewana, na ndicho kilichotupeleka huko.

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata na ambavyo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2000, vinaagiza kwamba nyumba yoyote isiwe zaidi ya mita 500 kutoka mahali pa maji. Tukichora duara la bikari la mita 500, eneo lake ni hekta 78.5. Tukichora duara la bodaboda la mita 500, kwa mahali ambapo njia zinakatana kwa pembe mraba, eneo lake ni hekta 50. Hekta 28.5 zimo katika duara la kwanza na hazimo katika la pili. Zaidi ya theluthi ya eneo ambalo ramani inasema liko karibu, kwa mtembeaji haliko karibu, na nyumba iliyo pabaya zaidi ndani ya duara la bikari iko mwendo wa mita 707. Njia za Nakivale hazikupangwa kama karatasi ya miraba, na penye bonde la matope tofauti yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Watu wa theluthi hiyo wana hasara mara mbili: wanatembea zaidi, na karatasini wanahesabiwa kuwa wamekwisha hudumiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bomba linaloonekana tu halijazi dumu.

Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba bodaboda nayo haimalizi maneno ya yule mama. Kumbuka sharti la pili la Fréchet: kwenda ni sawa na kurudi. Mtu anayeshuka na dumu tupu, au bidoni kama wasemavyo Wakongo, kisha akapanda na lita 20 ambazo ni kilo 20, hawezi kulikubali sharti hilo. Kwa mita njia ni ile ile. Kwa mwendo, kwenda ni kitu kimoja na kurudi ni kingine. Wanahisabati wanazo nadharia za vipimo visivyotimiza sharti hili, lakini hawaviiti umbali bila kuongeza neno. Kiswahili hakikuhitaji kuongeza neno. Mtu akisema "kwenda ni mwendo wa robo saa, kurudi ni mwendo wa nusu saa", hajakosea sarufi wala mantiki.

Hitimisho

Baada ya safari ile tuliiandika upya hojaji. Swali la saba sasa ni maswali mawili: "Kutoka hapa hadi bombani ni mwendo wa muda gani kwa miguu?" na "Kurudi na maji ni mwendo wa muda gani?" Duara la bikari tumeliondoa kwenye ramani ya wanafunzi. Hojaji za zamani tumezihifadhi, lakini majibu ya swali la saba hatuyatumii katika ripoti yoyote.

Kwa walimu wenzetu tunatoa rai moja. Tunapofundisha msamiati, tusiwape wanafunzi umbali, masafa na mwendo kwenye mstari mmoja wa visawe kwa ajili ya mtihani. Tuwaulize ni nani anayepima, anapita wapi, na kama anarudi na mzigo. Ni kweli kwamba watu husema pia "umbali wa saa mbili", na matumizi hayo hatutayafuta kwa kalamu nyekundu. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili atakayeajiriwa kesho kutafsiri hojaji, kuandika ripoti au kusimamia mahojiano anapaswa kujua kwamba akichagua neno lisilofaa, nyumba ya mtu inaweza kuingizwa ndani ya duara ambalo haimo.

Kwa wanafunzi tunaacha zoezi. Chora kijiji unachokijua, weka shule, zahanati na kisima, kisha chora kuzunguka kila kimoja mstari wa mwendo wa robo saa kwa miguu, kama njia zilivyo kweli. Umbo utakalolipata huenda lisiwe mviringo wala mraba. Lipe jina la Kiswahili, ulifasili kwa sentensi moja, ulilete darasani.